Sifuri ya Biolojia

Jina langu halikuwepo. Nilisoma orodha kutoka juu kwenda chini, nikaisoma tena kutoka chini kwenda juu, halafu nikaweka kidole kwenye kioo na kushuka jina moja moja huku nikisogeza midomo, mtindo niliouacha darasa la pili. Nyuma yangu watu walisukumana. Msichana mmoja aliyejiona kwenye orodha alipiga kigelegele ndani ya sikio langu, nikamgeukia nikamwambia akapigie kwao. Ndivyo nilivyo: kwangu hasira hufika kabla ya machozi, na siku ile haikuyaachia nafasi kabisa.

Orodha hiyo ilikuwa ya waliokubaliwa kuingia kitivo cha udaktari, kwenye chuo kimoja hapa Bukavu ambacho sitakitaja. Mtihani wa kuingia ulikuwa na masomo manne: fizikia, kemia, Kifaransa na biolojia. Likizo nzima nilikuwa nimejifungia nyumbani kwetu, mtaa wa Kasha, nikisoma, mpaka mama akawa ananifukuza nje nikaote jua. Na biolojia ndiyo niliyoiweza kuliko yote. Swali lilihusu figo. Figo nilizijua kwa kuzichora na kwa kumweleza mama wakati anachambua sombe, yale majani ya mihogo, atake asitake. Nilipotoka ukumbini nilimpigia simu nikamwambia, "Maman, biolojia nimeimaliza yote." Mtu akishindwa mtihani uliomtoa jasho anaweza kukubali. Mimi nilishindwa mtihani nilioufurahia, na kwa siku kadhaa nilijitilia shaka katika kila kitu, hata kama kweli nimefunga mlango.

Mama yangu ni mwalimu wa shule ya msingi ya masista, na ndiye kiongozi wa shirika letu la parokia, lile kundi la majirani wanaosali pamoja kila wiki. Baba alifanya kazi Kalehe na kurudi mara moja kwa mwezi, kwa hiyo nyumbani serikali ilikuwa mama. Hakunipa pole. Alinitazama nikipigapiga sahani, akaniambia, "Acha kuumiza masahani. Enda ukaulize pointi zako."

Nikaenda. Mitihani yote ya kitivo ilikuwa mikononi mwa karani mmoja mzee ambaye wanafunzi walimwita papa apariteri. Alikuwa na koti la kijivu lililochakaa viwiko, ofisi iliyojaa karatasi hadi dirishani, na sauti ya chini kiasi kwamba ukitaka kumgombeza unaona haya. Alifungua daftari kubwa, akapitisha rula chini ya jina langu, akanisomea. Fizikia kumi na nne. Kemia kumi na tatu. Kifaransa kumi na tano. Kisha akaondoa rula.

"Na biolojia, papa?"

"Biolojia inaandikwa zero, maman," akasema, kama wazee wa kwetu wanavyomwita hata binti mdogo.

"Zero juu ya ishirini?"

"Njo vile inaandikwa hapa."

"Papa, hata mutu akiandika upuuzi mutupu, hawezi kupata zero."

"Mi siko musahihishaji, mutoto yangu. Mi nabeba tu makaratasi." Akavuta kiti, akakipangusa kwa mkono wa koti lake, akaniambia nikae kwanza kabla sijaanguka.

Mama alikuwa na binamu yake wakili. Kwangu alikuwa tonton, yaani mjomba, tangu nizaliwe, lakini siku alipokubali kuichukua kesi, mama alianza kumwita Maître, kama mawakili wanavyoitwa, hata akimwandalia bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, na akanikataza kumwita vinginevyo. Maître alituelezea mambo akila. Kwanza tumwandikie mkuu wa kitivo barua ya malalamiko. Halafu tungoje miezi mitatu.

"Kama hawajibu?" nikauliza.

"Wakinyamaza miezi mitatu, sheria inasema wamejibu. Wamesema hapana. Hapo ndipo mulango ya korti inafunguka."

"Kwa hiyo tunangoja wasijibu?"

"Tunangoja wasijibu," akasema, akaongeza sambaza.

Kulikuwa na jambo jingine. Shule moja ya wauguzi ilikuwa imenikubali, na nilitaka kuanza huko nisikae bure. Maître akaacha kula. Akasema nikijiandikisha mahali pengine popote, hata kwa wiki moja, kitivo kitasimama mbele ya majaji na kusema: huyu ameshachagua njia yake, anatudai nini? Nafasi yangu ingekufa hapo hapo. Nilipaswa kukaa nyumbani, mikono mitupu, ili ionekane bado naitaka. Mama akaitikia kwa kichwa na mimi nikaitikia, kwa sababu sikujua mwaka una urefu gani ukiwa umekaa.

Nikaujua. Asubuhi wenzangu niliosoma nao sekondari walipita mbele ya nyumba wakishuka kwenda mjini, wengine wamekunja makoti meupe mkononi, wakihakikisha yanaonekana. Nilianza kuosha vyombo nyuma ya nyumba badala ya mbele. Majirani wakikutana nami kwenye bomba waliuliza, "Unasomaka wapi siku hizi?" na nikajibu, "Nangoja," na waliposema, "Unangoja nini?" nikachukua bidoni yangu hata kama haijajaa. Sikuwa mwanafunzi, sikuwa mfanyakazi, sikuwa mke wa mtu. Mchana nilimsaidia mama kusahihisha madaftari ya watoto wake wa darasa la tatu, na niliwasahihisha kwa ukali mpaka akaninyang'anya kalamu.

Kila baada ya wiki mbili nilishuka hadi kitivoni kuuliza kama barua imejibiwa. Hakuna aliyenilazimisha, na Maître alisema haina maana. Nilikwenda kwa sababu nilihitaji mahali pa kwenda. Papa apariteri alinivutia kile kiti. Saa sita alitoa parachichi kwenye droo, na chumvi iliyofungwa kwenye kipande cha karatasi, akalikata kati, akanipa nusu yenye kokwa kwa sababu alisema hiyo ndiyo inabaki nzuri. Alinionyesha jinsi anavyofanya kazi: karatasi za mtihani zinaletwa kwake, anakata ile kona yenye jina la mtahiniwa, anaandika namba juu ya kona na juu ya karatasi, anafungia kona ndani ya kabati, ndipo karatasi zinakwenda kwa msahihishaji bila majina. Alikuwa amefanya hivyo miaka thelathini na hakuna aliyewahi kumsaidia. Nilipoondoka alisema kila mara, "Itaisha, maman. Ata hii itaisha." Katika mwaka ule hakuna mtu mwingine aliyeniambia hivyo.

Miezi mitatu ilikwisha, kitivo kilikuwa kimenyamaza kwa utii kabisa, na Maître akapeleka kesi. Hapo ndipo alipotuambia jambo ambalo angepaswa kutuambia tangu mwanzo. Korti haisahihishi mtihani.

"Jaji hawezi kukuambia figo zako zilikuwa nzuri ao mbaya," akasema. "Pointi ni za juri ya walimu wa kitivo. Korti inaangalia tu kama kanuni zilifuatwa."

"Sasa tunakwenda kufanya nini kule?"

"Tunakwenda kuwalazimisha watoe karatasi yako. Tuone zero ilitoka wapi."

Ilichukua miezi mingine mitano. Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana Maître alikuja bila kutabasamu, akatandika nakala mezani, na mama akafuta meza kwanza ingawa ilikuwa safi. Ilikuwa karatasi yangu. Mwandiko wangu, michoro yangu, mishale yangu yote. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, msahihishaji alikuwa ameweka alama za sahihi moja baada ya nyingine, na chini ameandika kumi na saba. Halafu kumi na saba ilikuwa imekatwa kwa mistari miwili, juu yake pameandikwa sifuri, na kando ya sifuri maneno mawili ya Kifaransa: signe distinctif.

Maître akaeleza. Kwa kuwa mtihani hauna majina, hairuhusiwi mtahiniwa kuweka kwenye karatasi alama yoyote ambayo msahihishaji anaweza kumtambua nayo, kama wamepatana. Ukiweka, karatasi inafutwa. Kisha akaweka ukucha wake juu kabisa ya ukurasa, upande wa kushoto. Pale msahihishaji alikuwa amechora duara jekundu. Ndani ya duara mlikuwa na msalaba mdogo wa wino wa bluu.

"Nani aliweka hii?" Maître akauliza.

Mimi na mama hatukutazamana.

Nieleze, kwa sababu aliyelelewa kwingine anaweza kudhani ni jambo kubwa. Kwa masista, na kwa mama yangu kabla ya masista, ukurasa mpya hauandikwi neno la kwanza bila kuwekewa msalaba juu. Hesabu, imla, barua kwa baba, orodha ya vitu vya soko. Mama alikuwa akipita kati ya madawati na kugonga kwa kidole mahali ulipokosekana. Watoto wa Bukavu waliokua hivyo ni wengi, na naamini siku ile ukumbini si mimi peke yangu niliyezaliwa na mkono huo. Lakini wenzangu walikuwa na kaka na dada waliotangulia chuoni, waliowaambia: msalaba uache nyumbani. Mimi ni kifungua mimba. Fizikia, kemia na Kifaransa zilikuwa karatasi za kuchapwa, unaweka tu alama kwenye vijisanduku. Biolojia peke yake tulipewa karatasi nyeupe. Sikumbuki kuuweka ule msalaba. Sikumbuki pia kufunga vifungo vya shati asubuhi ile, na nilikuwa nimevifunga.

Maître alikuwa mtu mwerevu na alishaona kila kitu usoni mwetu. Alikunja nakala polepole. Akasema njia ziko mbili. Ya kwanza, tukubali msalaba ni wangu na tuseme sikujua kanuni. Hiyo ilikuwa dhaifu, kwa sababu kanuni ilikuwa imeandikwa nyuma ya fomu ya kujiandikisha, kwa herufi ndogo, na chini yake palikuwa na sahihi yangu. Ya pili, tuseme msalaba si wangu. Mistari miwili ya bluu haina mwandiko. Karatasi imepita mikononi mwa watu. Ni wao watakaotakiwa kuonyesha ni wa nani, na hawataweza.

"Mi siwezi kukuchagulia," akasema. "Mi nauliza tu. Haiko yako, si vile?"

Nilimgeukia mama. Huyu ndiye aliyeniadhibu wiki nzima nilipokuwa na miaka minane kwa sababu nilimdanganya kuhusu kipande cha sabuni. Nilingoja aseme anachosema siku zote. Alikuwa ameweka viganja vyote viwili mezani, anavitazama.

"Sema haiko yako," akasema.

"Maman."

"Sema haiko yako. Ni mi nilikufundisha. Kama zambi iko, ni yangu."

Maître alipoondoka nilimpigia mama kelele kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nilimwambia yeye na misalaba yake wameniharibia maisha. Nilimwambia mengine siyaandiki. Yeye akaendelea kukunja kanga, anaikunjua, anaikunja tena, na hilo lilinitia hasira zaidi. Jumanne yake nilipotafuta madaftari yangu ya sekondari sikuyaona. Mama alikuwa ameyapeleka yote kwa mwanamke anayeuza karanga kwenye njia panda. Nilipita pale jioni nikamkuta akichana kurasa na kuzisokota, na mteja mmoja akaondoka na mchoro wangu wa moyo umejaa karanga, msalaba mdogo ukionekana juu ya ukingo.

Nisimsingizie mama lakini. Angesema ukweli usemwe, ningemchukia mpaka leo. Nililitaka lile koti jeupe. Nilikuwa nimekaa miezi tisa nyuma ya nyumba nikiosha vyombo vilivyokwisha kuwa safi, na sasa palikuwa na mlango mmoja tu, na nilijua kabisa umetengenezwa kwa kitu gani.

Siku ya kusikilizwa nilivaa sketi ya kanisani. Chumba cha korti kilikuwa kidogo kuliko nilivyofikiria, na madirisha yake hayakufunguka, joto likatukaa kifuani. Majaji walikuwa watatu, katikati mwanamke mwenye miwani aliyeongea polepole. Mwanasheria wa kitivo alisema msalaba ni alama, alama ni marufuku, kwisha. Maître akasema alama ya nani? Rais wa korti, yule wa miwani, akaniita mbele. Akanionyesha karatasi yenyewe, si nakala. Wino ulikuwa wa bluu ileile ya maandishi yangu, lakini kalamu zote za mtihani zilikuwa za bluu, na za ofisi pia.

"Mademoiselle, hii musalaba ni mukono yako iliiweka?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa sentensi ndefu. Maître alikuwa amenifundisha kusema kwamba sitambui, kwamba sina kumbukumbu. Lakini aliuliza kwa upole, na nikaona nikianza kueleza nitaanguka.

"Hapana, Madame la Présidente. Haiko mimi."

"Uko na hakika?"

"Niko na hakika."

Aliandika. Kisha akauliza nani anashika karatasi kati ya mtahiniwa na msahihishaji, na mwanasheria wa kitivo akageuka nyuma. Papa apariteri alisimama. Sikuwa nimemwona, alikuwa benchi la mwisho, na lile koti la kijivu. Naapa sikuwa nimelifikiria. Siku zote zile niliposema moyoni "mtu mwingine ameuweka", mtu huyo hakuwa na uso. Sasa alikuwa anatembea kuja mbele, ananipita, na alinipa ishara ndogo ya kichwa kama kawaida yake.

"Karatasi zinapita kwa nani?"

"Kwangu."

"Na nani mwingine?"

"Hakuna mwingine. Ni mi peke yangu."

"Unaweza kuapa kama haukuandika kitu juu ya hii karatasi, zaidi ya namba?"

Ilikuwa rahisi. Angesema ndiyo, na pale pale tungekuwa wawili, neno langu na neno lake. Aliitazama karatasi. Kisha aligeuka akanitazama mimi, kwa muda mrefu, na nilijua ananitazama kwa sababu anajua. Nikamkazia macho. Nilifanya hivyo, nilimkazia macho mzee wa watu aliyenipa nusu ya parachichi yake, kumwambia asithubutu.

"Siwezi kuapa, Madame la Présidente," akasema.

Chumba kikanong'ona. Maître aliandika kitu haraka. Nami nilifurahi. Ninaliandika hilo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilimshukuru Mungu.

Hukumu ilitoka baada ya wiki sita. Korti ilisema kitivo hakikuweza kuonyesha kwamba alama iliwekwa na mtahiniwa, na kwamba ulinzi wa karatasi haukuwa wa kuaminika. Sifuri ikafutwa. Juri ikakaa upya, kumi na saba yangu ikarudi, na jina langu likabandikwa peke yake kwenye kioo, kwa mwaka uliofuata. Shirika lilikuja kuimba nyumbani. Mama alipika kwa watu wote, na kila mtu aliposema Mungu ni mkubwa, aliingia jikoni.

Siku ya kwanza ya masomo nilipitia ofisi ya apariteri. Sijui nilitaka kusema nini. Kijana mmoja wa shati jeupe alikuwa amekaa pale, karatasi zote zimepangwa, dirisha linaonekana. Aliniambia yule mzee ameondolewa. Kwa uzembe, akasema, kuna msichana mmoja karibu apoteze maisha yake kwa sababu ya huyo mzee. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu apumzike kwa heshima. Kijana hakujua anaongea na nani. Nikamuuliza bei ya kadi ya maktaba nikaondoka.

Niliingia darasani, nikakaa, na mlango nilioutamani ukafungwa nyuma yangu. Kwa sababu sikuweza tena kutoka. Ningesema ukweli, hukumu ingeanguka, mwaka wangu wa kwanza ungeanguka, na baadaye wa pili, na wa tatu, kila mwaka nilioufaulu ukiongeza uzito wa kitu ambacho kingeanguka. Maître angefutwa uwakili. Mama angeitwa mbele ya parokia. Nilisoma vizuri, mno hata, kama mtu anayelipa. Wenzangu walisema nina roho ngumu kwa sababu sikulia kwenye chumba cha maiti. Nilijaribu mara moja kuongea na mama, tukianua nguo kwenye kamba. Akaniambia, "Ile mambo tuliiacha Bukavu kule chini," nasi tulikuwa Bukavu, uani kwetu Kasha, na yeye anashika upande mmoja wa shuka na mimi mwingine.

Mwaka wa nne nilikwenda kuungama, parokia ambayo hawanijui. Padri alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema dhambi ataniondolea, lakini yule mtu lazima nimtafute mwenyewe, nikamwambie uso kwa uso. Nilimkasirikia padri mwezi mzima. Halafu nikaulizia, nikaambiwa mzee amerudi kwao Mumosho, analima.

Nilikwenda Alhamisi, baada ya zamu ya asubuhi hospitalini. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kichwani na kuyarudia njia nzima: Papa, ule msalaba ni mimi. Maneno matano tu. Nilimkuta nyuma ya nyumba akimenya mihogo. Alikuwa amepungua, na kwa muda alinitazama bila kunitambua, kisha akainuka haraka mno kwa umri wake, akapiga makofi, akamwita mkewe aje amwone mtoto wa ile kesi. Walinikaribisha ndani. Mkewe alipangusa kiti. Nilikaa nikafungua mdomo, na mzee akainua kiganja.

"Acha mi nianze," akasema. "Miaka yote hii nilitaka kuja kwako. Haya ilinizuia."

Akaniambia. Kila asubuhi, kwa miaka thelathini, kabla ya kugusa rundo la karatasi, alikuwa akiweka msalaba mdogo juu ya daftari lake. Katekista alimfundisha hivyo utotoni. Hakuwahi kukumbuka kuuweka mahali pengine. Angeweza kuapa, alikuwa amekuja kortini kuapa.

"Lakini nilikuangalia," akasema. "Nilikuangalia sana pale mbele. Nikasema: huyu mutoto namujua. Amekuwa anakaa kwenye kiti yangu mwaka muzima. Huyu hawezi kudanganya mbele ya majaji. Basi kama haiko yeye, ni mi. Kalamu yangu ilipotea, ikapita juu ya karatasi yake." Alikuwa anasugua mikono yenye unga wa mihogo. "Nilikupotezea mwaka, maman. Ukakuwa unakuja kuniuliza barua, nakupa kiti, na kumbe ni mi nilikufunga. Nisamehe."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, hasogei. Maneno yangu matano yalikuwa mdomoni. Nilijua ni sasa. Nilimtazama mzee, naye alikuwa akinitazama vilevile alivyonitazama kortini, na nikaelewa kwamba hata siku ile hakuwa akinishuku.

"Nimekusamehe, papa," nikasema.

Akashika mikono yangu yote miwili, akasema aksanti, aksanti sana, hakuniachia. Mkewe akafuta macho kwa ncha ya kitenge chake.

"Sasa muzee yangu atalala usiku," akaniambia.